Pahali Panapoitwa Ka Jeremiah

Kijana wa bodaboda aliyenileta kutoka sokoni juzi hakuniuliza ninaenda wapi. Alifunga gunia langu la mbolea, akawasha pikipiki, na tulipofika kwenye ua wa mchongoma akasimama mwenyewe. Aliponiteremshia gunia ndipo akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Mama, kwani huyu Jeremiah alikuwa nani?"

Nilimwambia alikuwa mume wangu. Akasema pole, akaenda zake. Hakuwa na nia mbaya. Wakati Jeremiah anazikwa, yeye alikuwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi. Lakini swali lake halijanitoka, na leo nimeamua kuandika. Jina la hapa halihitaji tena msaada wangu. Mwenye jina ndiye anayehitaji.

Tulienda Saudi mwaka wa 2012, wakati ambapo kila soko huku kwetu lilikuwa na wakala wa kupeleka watu. Jeremiah alitangulia, akapata kazi ya udereva Jeddah. Mimi nilimfuata baada ya miezi michache kufanya kazi ya nyumbani, nikiamini kwamba Saudi ni Saudi. Tulikuwa tumeshapanga kuonana kila Ijumaa. Nilipofika Riyadh nikamwuliza madam wangu kama Jeddah ni mbali, alicheka mpaka akawaita dada zake waje wasikie. Ni mbali kuliko Kisumu na Mombasa. Basi ndoa yetu ikawa ya simu, mimi Riyadh katika nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Al-Suwaidi, yeye huko pwani, na binti yetu Maryann kwa mama yangu, kijijini Seme.

Jeremiah alimwendesha Mwingereza mmoja mzee, Alderson, mhandisi wa maji aliyeishi Jeddah miaka mingi kuliko Wasaudi wengine. Mzee huyo alikuwa anaandika historia ya kijiji alichozaliwa, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa mjane na hakuwa na wa kumsomea. Kwa hiyo, kila walipokwama kwenye foleni Barabara ya Madina, aliweka kurasa magotini akamsomea Jeremiah. Na Ijumaa Jeremiah alinisimulia mimi, nami nikiwa napiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba. Ndivyo nilivyokijua kijiji ambacho sijakiona na sitakiona.

Kinaitwa Ulfarby. Nyumba zake ni za mawe, mvua hainyeshi ikaisha, na kondoo ni wengi kuliko watu. Mto unaopita hapo una jina la zamani mno hata wasomi hawana hakika maana yake. Walioutaja hivyo kwanza walimezwa na waliokuja baadaye. Kisha wakaja wakulima kutoka ng'ambo, wakachukua bonde lenye udongo mzuri, wakavipa kivuko na msitu majina ya lugha yao. Baada yao wakaja watu wa kaskazini kwa mashua, na mmoja wao alikuwa Ulfar. Bonde lilikuwa limejaa. Ulfar akapata kipande cha juu, chenye mawe na upepo, ambacho hakuna mtu aliyekitaka, akajenga. Katika lugha ya watu wake, "by" ni boma. Ulfarby ni boma la Ulfar. Hata shamba lililo juu yake bado lina jina lenye maana ya mahali palipofyekwa, na yaelekea mfyekaji ni yeye au wanawe.

"Selipher," Jeremiah aliniambia siku hiyo, "hiyo by ni Ka tu. Wao wameiweka nyuma, sisi tunaiweka mbele."

Nilicheka, lakini alisema kweli. Kwetu Ujaluoni, Ka ni kwa fulani. Soko letu ni Kamagore, kwa Magore, na hakuna aliye hai anayejua Magore alikuwa nani. Jeremiah alimpenda Ulfar kama mtu wa ukoo. Alisema ni mtu wa kutafuta kazi kama sisi, tofauti ni kwamba yeye hakuwa na kafili, yule mwajiri anayekushikia pasipoti. Aliniambia pia jambo ambalo sikulitia maanani wakati ule. Alikuwa amemwuliza mzee kama Ulfar ndiye aliyeliita boma lake kwa jina lake. Mzee akamjibu kwamba haiwezekani. Mtu huita kwake nyumbani. Jina hutolewa na majirani.

Sisi nasi tulikuwa na kipande chetu. Tulikinunua kando ya barabara, kilomita kadhaa kutoka kwa marehemu baba mkwe, tukakizungushia mchongoma, basi. Kwetu mwanamume hahamii kiwanja chake hivi hivi. Boma hufunguliwa. Mkubwa wa upande wa baba humpeleka asubuhi na mapema. Mwenyewe hubeba shoka, mke hubeba moto, mtoto hubeba jogoo, na nyumba ya kwanza husimama siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo pale ni shamba tu, hata kama hati ina jina lako.

Tulionana mara moja tu katika miaka mitatu. Shule zilifungwa, familia yangu ikaenda Jeddah kupumzika, na madam akanipa alasiri moja. Jeremiah alikuja Corniche, kule ufukweni, na mzee wake, ambaye alikwenda kukaa benchi la mbali akala aiskrimu polepole sana ili tupate nafasi. Jeremiah alichovya kidole kwenye chupa ya maji, akanichorea boma letu kwenye saruji. Lango hapa. Nyumba yako hapa, itazame lango. Jiko hapa. Mchoro ulikuwa unakauka kwa jua upande mmoja wakati anachora upande wa pili, naye anarudia kulowesha.

"Na jogoo?" nikamwuliza.

"Jogoo atabebwa na Maryann. Mimi na kuku hatujuani, unajua."

Aliogopa kuku. Alidonolewa karibu na jicho akiwa mdogo, na tangu hapo alikuwa akivuka upande wa pili wa njia akiona jogoo. Mtu aliyeendesha gari Jeddah, kati ya vijana wanaopita kushoto na kulia kama nzi, alikuwa akimwogopa kuku.

Mwaka wa 2015, kipindi cha joto kali, Jeremiah alianguka akiosha gari asubuhi. Mzee Alderson alinipigia mwenyewe. Aliongea Kiingereza polepole, kwa sentensi fupi, na nikaelewa yote. Hospitali walisema ni moyo.

Siku ya pili akapiga Hillary, kaka mkubwa wa Jeremiah, ambaye alikuwa akifanya kazi Kisumu. Alilia kwanza, na najua alilia kweli. Kisha akaniambia mipango. Jeremiah atazikwa kwa baba yao, upande wa kushoto wa lango, kwa sababu hakufungua boma na mtu hawezi kulala shambani kama bua la mahindi. Mimi nikimaliza kazi ya Saudi nitapewa pa kukaa hapo hapo. Kile kiwanja cha barabarani kitarudi mikononi mwa familia. Tayari alikuwa amemtuma mtu afunge ng'ombe wake ndani ya mchongoma wetu.

Nilielewa vizuri. Kwetu kaburi ndilo linalosema nani ni mwenye mahali. Jeremiah akilala kwa baba yake, mimi na Maryann tungekuwa wageni kwa Hillary mpaka kufa kwetu, na hati ingebaki karatasi. Nilimwambia nimesikia. Sikusema nimekubali.

Karatasi za kusafirisha maiti kutoka Saudi haziendi mbio. Kuna za hospitali, za polisi, za ubalozi, na kafili lazima atie sahihi kila mahali. Watu hulia kwa ucheleweshaji huo, na mimi pia nililia. Lakini ndio ulionipa muda.

Madam wangu aliniruhusu kwenda Jeddah pamoja na kaka yake na mke wake waliokuwa wakisafiri huko. Mzee Alderson alinikuta hospitali. Alikuwa amevaa tai kwa ajili yangu katika joto lile. Tuliketi kwenye viti vya plastiki kusubiri mtu wa muhuri, nikamweleza mambo ya Hillary, boma na kaburi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nikamwuliza Ulfar alizikwa wapi.

"Hatujui," alisema. "Hatujui hata kama alikuwa mrefu au mfupi. Miaka yote hii ningefurahi kujua jambo moja dogo tu. Kama alipenda samaki. Kama alikoroma. Jina ndilo limebaki."

"Mimi nataka vyote viwili, bosi. Jina na kaburi."

Kisha akasema kwamba habari za makaburi hazijui, lakini za majina anazijua. Alisema watu hudhani mahali hupewa jina kwa heshima ya mtu. Si hivyo. Mtu ana mzigo, anataka kujua autue wapi, basi anaambiwa kwa fulani. Kesho anamwambia mwenzake. Mzigo ukifika mara nyingi, jina limekaa, na hapo hata mfalme hawezi kuling'oa. Wafalme walijaribu huko kwao, akasema, wakashindwa na wauza maziwa.

Mtu wa muhuri akaja. Hatukurudia tena mazungumzo hayo.

Niliporudi Riyadh, aliyekuja kunichukua uwanja wa ndege alikuwa Duncan, dereva wa nyumba yetu, kijana wa Nakuru. Hakujua aniambie nini, kwa hiyo akaniuliza kama anipitishe Kwa Zipporah ninunue unga wa ugali nipate angalau kula. Nikakubali. Kwa Zipporah ni duka dogo kule Manfuha, kati ya nyumba kuukuu za mitaa ya kusini, ambako Wakenya hupata unga na majani ya chai ya kwetu. Niliingia, nikahudumiwa na Mbangladeshi aliyekuwa akiendesha duka, na nikiwa pale kaunta nikakumbuka kwamba sijawahi kumwona Zipporah.

"Duncan, huyu Zipporah yuko wapi?"

"Siste, huyo alirudishwa Kenya kitambo. Kabla mimi nije."

"Na mbona bado ni kwake?"

"Sasa utasema uko wapi? Hata huyu jamaa mwenyewe akijibu simu anasema Kwa Zipporah."

Nilisimama pale na unga mkononi, nikamwona akilini Mzee Alderson na wauza maziwa wake. Nilirudi garini nikiwa najua la kufanya, na kabla hatujafika Al-Suwaidi nilikuwa nimeshatuma ujumbe wa kwanza.

Ulikwenda kwa Reuben, fundi wa Kamagore. Nilimtaka ajenge nyumba ndogo ya mabati ndani ya mchongoma, milango ikitazama pale Jeremiah alipochora lango. Sikumwambia kiwanja cha Jeremiah. Nilimwambia Ka Jeremiah. Kisha nikampigia mwenye duka la vifaa: mabati yapelekwe Ka Jeremiah, ukipita kanisa, kwenye mchongoma. Mwenye lori la mchanga: Ka Jeremiah. Kijana wa misumari: Ka Jeremiah. Kila mzigo uliposhushwa nilimpigia aliyeushusha na kumwuliza yuko wapi, na sikukata simu mpaka aseme. Wa mchanga alinichokea. Alisema, "Mama, niko Ka Jeremiah, na ng'ombe wa Ka Jeremiah anataka kunipiga pembe." Nilimwambia huyo ng'ombe ni mgeni, amtoe nje na amfunge kando ya barabara. Akamtoa.

Rafiki yangu Rosebellah, kiongozi wa kina mama kanisani, alikuwa na kazi yake. Nilimwomba maombi ya jioni ya matanga yafanyike huko kwenye nyumba mpya, si kwa baba mkwe. Alisita. Aliuliza Hillary atasemaje. Nikamwambia Hillary anarudi mwisho wa wiki, na kina mama wanaomba katikati ya wiki. Akacheka katikati ya msiba, akasema nimekuwa mjanja huko Uarabuni. Jioni zile walikuja wengi. Chai ilipikwa hapo, moto ukawashwa hapo, na watoto walipotumwa kuleta sukari walitumwa Ka Jeremiah.

Lakini silaha yangu kubwa ilikuwa redio. Kwetu mtu hajafa mpaka redio imesema. Jioni, stesheni ya lugha yetu husoma matangazo ya vifo, na hata wasiomjua marehemu hunyamaza kusikiliza. Kwa desturi Hillary ndiye angepeleka tangazo, akiwa mkubwa. Alikuwa anangoja tarehe ya maiti kufika. Mimi sikungoja. Nililipeleka kupitia kwa Rosebellah, nikamtaja Hillary juu kabisa kwa heshima zake zote, kaka mkubwa, nguzo ya familia, ili asipate la kulalamika. Na mwisho kukasomwa kwamba waombolezaji wakutane kila jioni Ka Jeremiah, karibu na soko la Kamagore. Lilisomwa mara tatu. Rosebellah alilirekodi akanitumia kwa WhatsApp, nikalisikiliza nikiwa nimesimama stoo kati ya magunia ya mchele. Mtangazaji alikuwa na sauti nzito. Alilitamka kama mahali palipokuwapo tangu zamani.

Kikao cha ukoo kilifanyika Jumamosi mchana. Mwenyekiti alikuwa Mzee Zacharia, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe, mtu wa maneno machache. Simu ya Rosebellah iliwekwa juu ya stuli, sauti imefunguliwa, nami nilikuwa jikoni Al-Suwaidi nakunja sambusa. Madam aliingia, akaona simu, akaona uso wangu, akachukua ile trei na kuendelea kukunja yeye mwenyewe. Sijawahi kumsahau kwa hilo.

Hillary aliongea vizuri. Alieleza mila hatua kwa hatua, na kila alichosema kilikuwa kweli. Hakuna shoka lililoingia pale. Hakuna moto wa mke. Mtoto ni mmoja, tena wa kike. Wazee wakaguna kukubali. Kisha akataka kupigilia msumari wa mwisho.

"Wazee wangu," alisema, "tusidanganyane. Mimi nimepita asubuhi hii Ka Jeremiah, na pale Ka Jeremiah hakuna boma."

Nilisikia kuku kwa mbali. Kisha nikasikia mtu akicheka taratibu, kicheko cha mzee kinachoanza kifuani, na nikajua ni Mzee Zacharia.

"Umepita wapi, mwanangu?"

Nilisikia kiti cha Hillary kikisogezwa.

"Sema tu. Umepita wapi?"

Wengine wakaanza kucheka pia. Mmoja akasema hata redio inajua alikopita. Mzee Zacharia aliwaacha wacheke, kisha akasema ameishi miaka mingi na hajaona mahali pakiwa na jina la mtu, nyumba ya mtu na matanga ya mtu, halafu mwenyewe akalazwe pengine. Mila ya kufungua boma haikuvunjwa, ilichelewa. Yeye ni mkubwa wa upande wa baba. Atalipeleka shoka yeye mwenyewe kwa niaba ya mtoto wao.

Kisha akainama karibu na stuli, maana sauti yake ilikuja kubwa. "Nyar Seme, unasikia? Wewe njoo ulete moto."

Kwetu mke huitwa kwa mahali alikotoka. Mimi ni binti wa Seme, na ndivyo alivyoniita. Nilimjibu nimesikia, baba. Nilipozima simu, madam aliuliza kwa mkono, vipi? Nikamwambia halas, kumekwisha, atalala kwake. Hakuelewa yote, lakini alinipa pasipoti yangu wiki hiyo hiyo na ruhusa ya kutoka na kurudi.

Nilimpitia Jeremiah Jeddah, tukaondoka pamoja, yeye chini kwenye mizigo na mimi juu. Mzee Alderson alitusindikiza mpaka mahali asiporuhusiwa kupita. Alinipa mkono, akavua kofia.

Asubuhi ya kufungua boma Mzee Zacharia alitangulia na shoka. Mimi nilibeba moto kwenye kigae. Wazee walibishana kidogo juu ya jogoo, kama msichana anaweza kumbeba, na wakati wanabishana Maryann alikuwa ameshamkumbatia na kuingia naye. Hillary alikuwa nyuma yake, amebeba nguzo. Mchana jeneza likaja. Dereva wa gari la maiti alikuwa mtu wa Kisumu na hakujua njia, akaulizia sokoni. Sijui ni nani aliyemwelekeza. Alifika moja kwa moja.

Nilirudi Riyadh nikamaliza mkataba wangu, kisha nikaja kukaa hapa. Hillary hupita Jumapili kunywa chai, na tunataniana. Nyumba sasa ni ya matofali, na inatazama lango.

Yule kijana wa bodaboda akija tena nitamjibu vizuri zaidi. Nitamwambia Jeremiah alikuwa mfupi, na alikoroma. Alipenda samaki wa kukaushwa, na chai yenye tangawizi mpaka iwashe koo. Aliendesha gari bila viatu. Alimjua Ulfar wa Ulfarby kama mtu anavyomjua jirani. Na alikuwa anaogopa kuku, ambao leo wamejaa Ka Jeremiah kila upande, na mmoja wao, jogoo mwekundu, ana tabia ya kulala juu ya kaburi lake.